Beseni Juu ya Unyayo wa Maksai

Ninyi vijana mtakaosoma haya, simu wekeni pembeni kwanza, maana sitarudia. Mimi shuleni niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Mkikuta neno limekaa upande, linyoosheni wenyewe mwendelee. Naandika kwa sababu habari ya mkamwana wangu mnaisimulia vibaya. Mnasema aliwatukana Wakenya mbele ya wakubwa. Mnasema alitaka kuua mnada wa mpakani. Mnada upo, kila wiki mnakwenda huko kula nyama choma na kurudi mmechelewa. Na hakumtukana mtu. Nilikuwepo, nimekaa kwenye kiti cha plastiki mstari wa tatu, na masikio yangu ni mazima.

Nilizaliwa Mbalibali, huko wilaya ya Serengeti. Baba yangu alikuwa mtu wa kuitwa ng'ombe wakipotea. Alikuwa anasoma nyayo kama mwalimu anavyosoma daftari, na mimi ndiye alikuwa ananichukua, kaka zangu aliwaacha, kwa sababu wao walitazama mbali na kitu kiko chini ya miguu yao. Hiyo ndiyo shule yangu nyingine. Nilijifunza unyayo wa jana na wa leo, wa ng'ombe anayekwenda kwa hiari na wa anayesukumwa.

Na nilijifunza desturi. Ng'ombe akiibiwa, watu hufuata nyayo. Nyayo zikiingia kwenye kijiji cha watu wengine, mnawaita wenye kijiji, mnawaonyesha chini. Mtu mzima mmoja wa pale anasimamisha fimbo yake kando ya unyayo anasema, nimezipokea. Kuanzia hapo kazi ni yao. Ama waonyeshe nyayo zilipotoka kijijini kwao, ama walipe. Hakuna hapo kuitana wezi. Mwenye kuonyesha hajatukana, na mwenye kupokea hajakubali kosa. Anayejiharibia jina ni yule anayekataa kutazama.

Nikaolewa huku Tarime, kijiji ambacho hakiko mbali na Sirari. Kutoka mlangoni kwangu hadi bikoni, jiwe la alama ya mpaka, ukibandika maharage unakwenda na kurudi hayajaiva. Sisi Wakurya tuko pande zote mbili za bikoni. Dada wa marehemu mume wangu analima upande ule na anakuja kusaga upande huu, kwa sababu mashine yao anasema inapondaponda tu.

Mungu alinipa mabinti watatu, mtoto wa kiume hakunipa. Mume wangu alipofariki nikafanya kama wanawake wengi wa kwetu wasio na mtoto wa kiume, nikatoa ng'ombe nikaoa mwanamke, ili mji usifungwe. Ninyi mnajua, ni nyumba ntobhu. Nilimpata upande wa pili, nyumba ya watu wa kazi. Yeye ananiita mama, mimi namwita mkamwana, na watoto aliowazaa ni wajukuu zangu. Ni mrefu, maneno yake ni machache, na akishika jembe humwambii basi. Mimi simsifu mtu ovyo. Waulizeni mabinti zangu kama waliwahi kusikia hongera kwangu bila kuumwa malaria kwanza. Lakini huyu nitamsifu, na ndiyo sababu nimenunua kalamu.

Tulikuwa na maksai wawili wa kulimia. Mmoja mweusi. Mwingine wa rangi ya majivu, ukwato wake wa mbele wa kushoto umepinda, akikanyaga unaona alama kama ya kiatu kilichokatika soli. Hao ndio waliokuwa wakivuta plau letu, na la majirani wawili pia. Mvua ilikuwa karibu, mashamba nusu hayajapinduliwa. Asubuhi moja mkamwana akaenda kuwafungulia, akakuta zizi wazi.

Hapo niwaambie kosa langu. Mimi nina sheria nyumbani: uwanja ufagiwe kabla jua halijatoka. Msichana niliyemlea, jua likimkuta uwanja una majani, atanisikia. Asubuhi ile mjukuu wangu wa kike alikuwa ameshafagia, vizuri kabisa, mistari ya ufagio imepangana kuanzia zizini hadi njiani. Mimi binti wa msoma nyayo nikasimama pale natazama mistari ya ufagio. Kila kilichoandikwa uwanjani usiku kimefutwa, na kimefutwa kwa amri yangu.

Mkamwana hakunitazama usoni. Akazunguka ua mara moja, akatoka mpaka kwenye shamba lililolimwa juzi, akainama.

"Huyu hapa," akasema.

Ukwato uliopinda. Na kando yake alama za mabuti ya mpira ya mtu mmoja, na mabuti ya mpira kila nyumba inayo. Tukafuata. Shemeji yangu akatukuta njiani na wanaume watatu. Huyu ni mdogo wa marehemu mume wangu, mji wake uko ng'ambo ya korongo letu. Nilipoolewa alikuwa bado mtoto, uji wake nimeupika mimi. Sasa ni mzee anayeheshimiwa, na kwa mkamwana wangu ni baba mkwe.

Nyayo zikatupeleka moja kwa moja hadi kwenye bikoni, zikaivuka, zikaendelea. Wanaume wakasimama.

"Basi," akasema shemeji. "Hapo ni nchi ya watu. Wakenya wametumaliza."

"Umemwona Mkenya?" nikamuuliza.

"Shemeji, nyayo zinakwenda wapi hizo? Zinakwenda Mwanza?"

Wakacheka, wakageuka kurudi. Mkamwana hakugeuka. Alikuwa anatazama mawingu upande wa mashariki. Akamtuma nyumbani mbio mjukuu wangu aliyekuwa ametufuata, mtoto akarudi na beseni la bluu, lile nililonunua kwa mzee wa Kiislamu pale sokoni Tarime. Mkamwana akavuka bikoni hatua nne, akachagua unyayo mmoja uliokaa vizuri, akaufunika kwa beseni, akaweka jiwe juu.

Siku hiyohiyo palikuwa na kikao cha ujirani mwema kwenye uwanja wa shule yetu. Wakubwa wa upande wa pili walikuwa wanakuja kukubaliana na wakubwa wetu habari ya mnada wa pamoja, watu wauze ng'ombe bila kukimbizana na askari. Maturubai yalishafungwa tangu jana yake. Tukiwa tunarudi nyumbani tukakutana na bwana mmoja wa ofisi, kijana kwangu, ana faili kwapani. Yeye ndiye aliyekuwa anapanga kikao. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, pole kwa maksai. Lakini naomba uniazime masikio. Leo neno wizi lisitajwe pale. Jambo hili tumelihangaikia miaka. Mtu wa nchi nyingine ukimwambia mwizi mbele ya mkubwa wake, anapanda gari anaondoka, na mnada umekwenda naye."

"Na maksai?"

"Maksai watafuatwa kwa taratibu. Barua itaandikwa, ipite kwa wakubwa, ivuke, ijibiwe."

"Maksai ana miguu minne," nikamwambia. "Barua yako ina mingapi?"

Akacheka. Hakukasirika, na hilo namhesabia. Akasema, "Ndiyo maana nakuomba, mama, sikuamuru. Nchi na nchi zina lugha yake. Ukitaka kusema kila kitu, hutapata kitu."

Nikalifikiria hilo. Mnada ungesaidia mji wangu na miji yote. Nina mbuzi, nina kuku, nimechoka kuona watu wanapita porini na mifugo yao kama wao ndio wezi. Basi nikamgeukia mkamwana nikamwambia, "Leo nyamaza."

"Nimekusikia, mama," akasema.

Hakusema ndiyo. Ningelitazama vizuri lile jibu ningejua.

Wageni wakaja saa tano, magari matatu yenye namba za upande wa pili. Alikuwepo chifu wa eneo lile linalopakana nasi, mzee wa makamo, nguo za kaki, kofia, fimbo mkononi. Wakakaribishwa, wakaimbiwa na watoto. Hotuba zikaanza. Sisi ni ndugu wa damu, mpaka ni wa wakoloni, ujirani wetu ni wa mfano. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga pia. Kwa nje mawingu yalikuwa yameshafika juu ya shule.

Ikafika mahali mshika kipaza sauti akauliza kama kuna mwananchi mwenye neno la kuwakaribisha wageni. Hiyo huwa ni nafasi ya mzee mmoja kusema karibuni, watu waende kula. Mkamwana wangu akasimama.

Nawaomba mwelewe alichofanya, kwa sababu ninyi mnasimama mbele ya mtu yeyote mkaongea na mkono mfukoni. Kwetu mkamwana hapazi sauti mbele ya baba mkwe wake, wala hamkazii macho. Na shemeji yangu alikuwa amekaa mbele kabisa na wazee. Sasa huyu mwanamke akajifunika kanga kichwani, akasimama ubavu, bega lake likamwelekea shemeji ili uso usimwelekee. Akaongea akiwa amesimama hivyo, kama mtu anayezungumza na ukuta wa darasa. Wengine wenu mkaona kwenye video mkasema anaogopa wageni. Hakuwa anaogopa wageni. Alikuwa anamheshimu mzee huku anafanya kile ambacho mzee asingependa. Mimi sijawahi kuona mtu akifanya yote mawili kwa mara moja.

Akasema, nami nayaandika kama nilivyoyasikia:

"Wageni wetu, karibuni. Mimi nimezaliwa kwenu, nimeolewa hapa. Sina neno baya. Nina unyayo. Uko hatua nne kupita bikoni, upande wenu, nimeufunika kwa beseni maana mvua hii haitatusubiri. Ni wa maksai wetu, ukwato umepinda. Nani amemchukua, sijui. Sikusema ni ninyi. Naomba mtu mzima mmoja wa upande wenu aje azipokee nyayo, kama walivyokuwa wakifanya kabla ya maturubai haya. Akizipokea, mimi nitarudi hapa nipige makofi na wenzangu."

Turubai lilikuwa linapigwapigwa na upepo, hilo tu.

Halafu nyuma yangu mwanaume mmoja akasema, "Kaa chini wewe, Mkenya."

Mwingine akasema, "Anatuharibia mnada. Arudi kwao akaulizie hukohuko."

Hapo ndipo alipogeuza kichwa kidogo, akamjibu yule bila kupandisha sauti. "Ng'ombe walionileta hapa walipita kwenye bikoni hiyohiyo. Siku hiyo mliwahesabu mkacheka. Hamkuwauliza pasipoti."

Wanawake wakaguna kwa chini. Mmoja akaficha mdomo kwa kanga. Mimi nilitazama mbele, lakini ndani yangu kitu kilisimama.

Yule bwana wa faili akakimbilia kipaza sauti. "Asante sana mama, asante. Hilo tumelichukua, tutalipeleka kwenye..."

"Wacha aongee," akasema chifu.

"Mheshimiwa, ratiba..."

"Wacha hiyo ratiba. Huyu mama ameongea poa kabisa. Ameniambia mimi ni mwizi? Hajaniambia. Ameniambia niende niangalie chini." Akasimama akachukua fimbo yake. "Sasa mnataka tukae hapa tukule pilau na ng'ombe ya mama inapotea? Twende."

Mkubwa wake alikuwa amekaa pale, akamtazama, akatazama saa, halafu akatikisa kichwa kukubali. Basi watu wakatoka turubaini wakamfuata mwanamke mmoja na chifu mmoja kuelekea mpakani, manyunyu yameanza. Bwana wa ofisi alibaki amesimama kidogo. Nikadhani atapanda gari. Akaweka faili lake kichwani kujikinga mvua, akaja.

Kwenye bikoni, ardhi yote ilikuwa imeshalowa na nyayo za karibu zimeanza kuyeyuka. Chifu akachuchumaa, akaondoa jiwe, akainua beseni. Chini yake palikuwa pakavu, na unyayo umekaa pale na kasoro yake yote. Akautazama kwa muda. Akapima kwa vidole. Akasimamisha fimbo kando yake, akasema kwa Kikurya, hakusema kwa Kiswahili, kwamba nyayo hizi amezipokea, sasa ni zake.

Ni maneno mafupi. Nilikuwa sijayasikia tangu baba yangu yuko hai. Nikajikuta nimeshika mkono wa mjukuu kwa nguvu hadi akalalamika.

Manyunyu yakakatika kabla hayajazifuta zote, wao wakaendelea na nyayo ndani ya nchi ya pili, mkamwana yumo, vijana wa chifu wako mbele. Mimi magoti hayakuniruhusu, nikarudi nyumbani. Kabla sijafika simu ikaanza. Mtu alikuwa amerekodi. Ndugu yangu anayeishi Morotonga, kule karibu na Mugumu, alipiga kunieleza kikao ambacho mimi nilikuwepo. "Mkamwana wako amewakemea wageni wa nchi," akasema. Nikamwambia, "Sikiliza tena, na mara hii funga mdomo usikilize." Kuna waliompenda na kuna waliosema afungwe.

Alasiri shemeji akaja. Hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Shemeji, mkeo ameniaibisha."

Wanaume huku wanapenda kutania hivyo, kwamba mkamwana niliyemtolea ng'ombe ni mke wangu. Nikamjibu hivyohivyo. "Mke wangu anatafuta maksai wangu. Wewe unatafuta nini?"

"Mambo ya nchi na nchi yana wenyewe. Kesho wale watasema sisi Watanzania hatuna adabu. Wameiba, halafu wanakuja kuonyesha kwamba wana moyo mzuri. Ndivyo wezi walivyo."

"Kunywa chai," nikasema.

Hakunywa. Lakini nataka mjue kwamba alikuwa anaumia kweli. Yeye ni mtu wa jina, na jina lake lilikuwa kwenye midomo ya watu siku ile kwa sababu ya nyumba yangu. Hata mimi nilikuwa nimemwambia mwanamke yule anyamaze. Sikuwa na mahali pa juu pa kusimama nikamsema.

Jua likiwa linazama mkamwana akarudi, matope hadi magotini.

"Nyayo zimeshuka mtoni," akasema. "Maksai wameingizwa majini. Giza limetukuta. Chifu amefunika unyayo wa mwisho kwa koti lake la mvua, na vijana wake wanalinda."

"Koti lake?"

"Lile la serikali. Alisema beseni letu moja halitoshi nchi mbili."

Akala amesimama. Alfajiri alikuwa ameshaondoka.

Saa moja asubuhi simu yangu ikalia.

"Mama."

"Sema."

"Nyayo zimetoka mtoni, kwa chini. Zimerudi."

"Zimerudi wapi?"

"Kwetu. Zimepita bikoni ya chini. Tunakuja nazo. Yuko chifu na watu wake sita, na yule bwana wa ofisi."

"Zinaelekea kwa nani?"

Nilisikia watu wakiongea nyuma yake, na mtu anakohoa.

"Kwa mzee," akasema. "Ng'ambo ya korongo."

Jina la baba mkwe halitaji, na hata hapo hakulitaja.

Nikakaa kitandani. Nikaona yote kama yalivyokwenda. Mwizi hakuwa na haja na Kenya. Aliwavusha maksai mpakani kwa sababu alijua tutafika kwenye bikoni tutasimama. Alijua wakubwa wana kikao, alijua hakuna atakayethubutu kusema mbele ya wageni. Aibu ya nchi mbili ndiyo aliyoitumia kama kichaka. Angalikuwa mwanamke mwingine amesimama pale kwenye bikoni, au angalinisikiliza mimi, sisi tungesema wao wezi na wao wangetununia sisi, na mwizi angekuwa anakula ugali wake.

Nikamchukua mjukuu, tukavuka korongo. Mji wa shemeji ulikuwa kimya. Mbele uwanja umefagiwa. Nikazunguka nyuma, kwenye banda la zamani la kahawa, mahali ambapo hapafagiwi kila siku. Unyayo wa kwanza niliuona kabla sijafika. Soli iliyokatika. Wa pili. Wa tatu unaingia kwenye migomba. Nikasogeza majani nikamkuta wa rangi ya majivu amefungwa kwenye kisiki, anatafuna shina la mgomba, ananitazama kama mimi ndiye niliyechelewa. Mweusi alikuwa nyuma yake.

Nilipotoka, shemeji alikuwa amesimama pale, amevaa shati bila kufunga vifungo. Mkwe wake, mke wa mwanae, alikuwa mlangoni na kanga mdomoni. Mwanae mwenyewe hakuwepo. Ana bodaboda, huwa anapakia watu Nyamongo mgodini, na alikuwa ameondoka kabla ya mapambazuko bila kuaga. Ilikuwa usiku uliofuata maksai wapelekwe hukohuko, kwenye watu wengi, wageuke kitoweo. Hilo tulilijua baadaye.

"Sikujua," akasema shemeji.

Nilimwamini, na mpaka leo namwamini. Mtu niliyempikia uji namjua anaposema uongo.

"Wanakuja," nikamwambia.

"Nani?"

"Wote. Chifu, watu wake, ofisi, mkamwana."

Akashika nguzo ya banda. "Shemeji, nisikilize. Jana nimesema Wakenya wezi, kila mtu amenisikia. Leo Wakenya waje waikute aibu hii kwangu? Maksai wako umewapata. Umewapata, si kweli? Tuwatoe hapa, tuseme wamejirudisha. Hapa tufagie. Ni unyayo tu. Tukishamaliza, hakuna nchi iliyoumia, hakuna mtu aliyeumia. Mengine tutayamaliza sisi wenyewe ndani." Akamwambia mjukuu wangu, "Mjukuu, chukua ufagio ule, anza pale kwenye migomba."

Mtoto akachukua ufagio. Akanitazama.

Sitawadanganya. Nilimnyang'anya ufagio ule nikiwa na nia ya kufagia mwenyewe. Maneno ya shemeji yalikuwa mazuri. Yalikuwa karibu sawa na yale ya bwana wa faili, na bwana yule nilimkubalia. Huyu ni ndugu wa mume wangu, na yule aliyekimbia na pikipiki nimemfunga nepi. Mkono wangu uliinama na ufagio, majani yakagusa ukingo wa unyayo.

Nikakumbuka uwanja wangu wa jana, mistari ile ya ufagio iliyonyooka. Na nikamwona mkamwana alivyosimama ubavu turubaini, bega lake limemwelekea mzee huyuhuyu ili asimdhalilishe, huku watu wanamwita Mkenya. Amelala saa chache, ameingia mtoni, ameleta nyayo mpaka hapa na wageni nyuma yake, na anajua zinaishia wapi. Alijua tangu kwenye bikoni ya chini. Angeweza kuzipoteza njiani, nani angemwuliza? Akazileta. Nikifagia, atafika hapa mbele ya nchi mbili aonyeshe chini, na chini pawe safi. Jana alikuwa Mkenya, leo atakuwa mwongo, na watakaomfanya mwongo ni sisi aliotusaidia.

Nikasikia sauti ng'ambo ya korongo, kiatu kinateleza kwenye jiwe, chifu anasema "pole pole, mama, hapa kunateleza". Mjukuu alikuwa amenyoosha mkono kurudishiwa ufagio. Mkwe wa shemeji alikuwa ameshachukua wa pili kutoka ukutani. Nikanyooka mgongo. Nikawaambia wote, na shemeji nikamjumlisha, kwa sababu siku ile mji ule ulikuwa wangu:

"Fagio chini, zote mbili, huu wangu nao. Wewe bandika chai, sufuria kubwa, watu ni wengi. Na wewe mtoto toa viti, uviweke huku nyuma, si mbele. Shemeji, funga vifungo, chukua fimbo yako, simama hapo penye unyayo, na chifu akifika umwambie umezipokea. Leo hapa hakuna anayefagia."